Mtamba wa Mstaafu

Hapo zamani, na msinikodolee macho, sisemi zamani za wanyama kuongea. Nasema zamani za mwaka ule mvua ilipogoma kukatika, kuku wa Igembasi wakawa wanatembea kwa kunyanyua miguu juu juu. Zamani hizo mimi nilikuwepo. Kwa hiyo mtu asinikatishe katikati aniambie "haikuwa hivyo, ilikuwa hivi." Ulikuwepo? Hukuwepo. Basi tulia, na hizo bisi zako zitafune polepole, nataka nisikike.

Igembasi iko juu huko milimani, kwenye chai, ndizi na viazi. Barabara zetu ni matope. Gari likikwama, linaitwa lingine lije livute. Likikwama na hilo, linaitwa la tatu. Sasa watu wetu hawawezi kuona jambo bila kulibishania. Pikapu ya nani inavuta zaidi? Wakabishana kilabuni, wakabishana nje ya kanisa baada ya ibada, wakabishana mpaka kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Ikabidi yawepo mashindano. Kila mwaka, Jumamosi ya kwanza baada ya kuvuna viazi, uwanja wa mpira.

Sikilizeni yanavyochezwa, mbele msije mkaniuliza. Kuna magogo mawili yamelazwa, juu yake zimepigiliwa mbao nene. Hakuna magurudumu, ni kitu cha kuburuta tu. Sisi tunakiita kitanda. Pikapu inafungwa mnyororo na kitanda, inaanza kuvuta. Kila baada ya hatua kumi wamesimama watu wawili kando ya njia. Kitanda kikiwafikia, wanarukia juu. Hatua kumi, watu wawili. Hatua ishirini, watu wanne. Hatua hamsini, watu kumi, na hapo bado hujafika popote. Pikapu ikizama ikasimama, tunapima. Aliyefika mbali ndiye mshindi.

Sheria ni mbili. Ya kwanza: ni marufuku kubeba mawe, mchanga au chuma nyuma ya pikapu ili iwe nzito. Ya pili: nyuma ya pikapu lazima akae mtu mmoja, mmoja tu, wa kuangalia mnyororo. Mnyororo ukiwa sawa anapiga bodi mara moja, maana yake nenda. Mnyororo ukileta shida anapiga mara mbili, maana yake simama.

Haya. Uwaambie watu wa Igembasi mawe hapana, ila mtu mmoja ruksa, unadhani watamchagua nani? Mwembamba? Thubutu! Ikibaki miezi miwili mashindano yafike, wanene wa kijiji wanaanza kuheshimika. Mtu aliyekuwa akitaniwa juzi, leo analetewa kande na parachichi mpaka mlangoni, anabembelezwa amalizie sahani.

Na mnene kuliko wote alikuwa Mzee Ambilikile. Yeye hakuhitaji kuletewa kande na mtu, maana alikuwa na pikapu yake mwenyewe na alijikalia nyuma mwenyewe. Alikuwa mgane, mkewe alikuwa amefariki miaka minane nyuma. Alipostaafu kiwanda cha chai alinunua pikapu ambayo nayo ilikuwa imekwisha kabisa. Akachukua rangi nyeupe, akaandika kwenye mlango wa nyuma kwa herufi kubwa: MSTAAFU. Miaka mitatu Mstaafu ilishindana, na miaka mitatu mfululizo ilikuwa ya mwisho. Dereva alikuwa mwanawe wa pekee, Ipyana. Ipyana alikuwa hodari wa kupiga honi. Kuvuta, alikuwa akifika hatua ya arobaini na nane, anazama.

Sasa njooni kwenye zawadi. Chama chetu cha maziwa kilitoa mtamba mmoja. Wa rangi ya kahawia, kipaji cheupe, na mimba tumboni. Wiki moja kabla ya mashindano alizungushwa kijiji kizima ili watu wapate wazimu, na wazimu waliupata kwelikweli.

Aliyeupata zaidi ya wote alikuwa Tusekile, mke wa Ipyana. Tusekile, kabla hajaolewa, alikuwa akiendesha trekta kwenye mashamba ya chai upande wa pili wa mto. Akaolewa. Miaka sita sasa anachuma chai ya watu na kubeba ndizi. Shamba analolima ni la baba mkwe. Nyumba anayolala ni ya mume. Hata jembe ni la Shangazi Subilaga, dada yake Mzee, na linarudishwa kila jioni likiwa limeoshwa. Watoto wake wawili wanakunywa chai ya rangi. Mtamba alipopitishwa mbele ya nyumba yao, Tusekile alisimama na kuni zake kichwani akamwambia mumewe:

"Baba Lugano, mimi nataka kitu kimoja tu duniani ambacho nikikiita kinakuja. Ng'ombe yule nikimpata, hutanisikia nikilalamika tena."

Ipyana akasema, "Hata kidogo?"

"Kidogo nitalalamika. Lakini si kama sasa."

Basi mwaka ule Mzee Ambilikile akamwita Fundi Gwakisa. Gwakisa huyu banda lake liko jirani na mashine ya kusaga, na ukimpelekea baiskeli anakurudishia baiskeli na kifuko cha nati zilizobaki. Lakini kwa Mstaafu alijitoa, tusimnyime haki yake. Mwezi mzima alilala chini ya ile pikapu. Kabureta aliisugua kwa mswaki wake mwenyewe, na jioni akapigia meno mswaki uleule, mkewe ni shahidi. Alikwenda nyuma ya ghala la zamani, kwenye lori lililokufa tangu enzi, akang'oa difu, ile gia ya nyuma inayozungusha magurudumu, akaichonga na kuisaga mpaka ikakubali kuingia kwenye Mstaafu. Mbio zikapungua, mbuzi akawa anaipita, ila nguvu ikawa si mchezo. Nyuma, kwenye springi, akapachika vipande vya mti wa mlingoti ili mkia usilale. Akatafuta matairi mawili yenye meno makubwa. Na hapa ndipo alipofanya jambo bila kumwambia mtu: yale matairi ya nyuma aliyajaza maji. Sheria ilitaja mawe, mchanga na chuma. Maji haikuyataja.

Siku ikafika. Uwanja ni uji mtupu, watu wamejaa. Asubuhi waangalizi wa mnyororo wakaandikishwa, na aliyeandikwa habadilishwi. Mzee Ambilikile akaandikwa. Pikapu zikaanza kuvuta. Lusubilo muuza mbao akafika hatua sitini na tatu, na uwanja ukaona mambo yamekwisha. Zimebaki pikapu mbili mbele ya Mstaafu.

Ipyana akaona huu ndio wakati wa kujionyesha. Akavua koti, akaizunguka Mstaafu mbele ya watu, akasema, "Mwaka huu mtalia! Tazameni matairi!" Akanyanyua mguu wa kushoto, mguu wa klachi, akalipiga tairi la nyuma teke. Yeye alidhani ni tairi la upepo, litadunda. Jamani! Lilikuwa limejaa maji. Kidole gumba kikavunjika, na ukelele alioutoa ulinyamazisha kwaya iliyokuwa ikiimba pembeni.

Wakamketisha chini, kidole kinavimba huku kinatazamwa. Klachi ataikanyaga nani? Watu wakamgeukia Gwakisa. Gwakisa akasema, "Mimi kutengeneza najua. Kuendesha sijui." Na ni kweli, banda lake mwenyewe amelibomoa mara mbili.

Ndipo Tusekile akasema, "Mimi naendesha."

Hakuna aliyempa ufunguo. Si kwa sababu ni mwanamke, msitufanye washamba. Trekta lake tulikuwa tukilisikia toka ng'ambo ya mto. Shida ilikuwa nyingine. Kwetu zamani hizo, mke wa mwana na baba mkwe walikuwa hawatazamani. Hawasemeshani. Mke wa mwana halitamki jina la baba mkwe, hata kama kuna mwingine mwenye jina hilo. Mzee akikohoa njiani, mkamwana anaingia migombani mpaka apite. Akitaka kumwambia kitu, anamwambia mtu, na mtu anamwambia yeye. Miaka sita Tusekile alimjua baba mkwe wake kwa kikohozi na kwa visigino vya viatu, basi. Na anayeivunja mila hiyo analipa ng'ombe mmoja, jike.

Sasa huyu akae mbele, yule akae nyuma, gari moja? Shangazi Subilaga, ambaye ndiye mwenye funguo za mila zote za ukoo, akashika kiuno, akafikiri. Akamtazama mtamba aliyefungwa golini. Akafikiri tena, haraka zaidi.

"Itawezekana," akasema. "Vioo vya pembeni ving'olewe. Dirisha la nyuma lizibwe." Akafungua kanga yake ya pili kiunoni, akaitundika mwenyewe. "Kaka yangu akae kwa kutazama mnyororo, na wewe mwanangu utazame mbele. Bodi itasema kwa niaba yenu."

Ikawa hivyo. Zile pikapu mbili zilikuwa zimekwisha kuvuta na kuzama, hazikumfikia Lusubilo. Tusekile akaingia amejifunika kitenge kichwani. Mzee akapanda kwa nyuma, pikapu ikashuka kidogo. Akapiga bodi mara moja. Twende!

Mimi nilikuwa hatua ya sitini, mimi mshona nguo pamoja na mwalimu wa kwaya, tunangoja zamu yetu ya kurukia. Nikaiona inakuja. Hatua kumi, ndu, watu wawili. Hatua ishirini, ndu, wanne. Hatua thelathini inakuja, arobaini inakuja, arobaini na nane ikapita! Ipyana huko chini alikokaa akapiga kelele mpaka akasahau kidole. Hamsini. Mstaafu inanguruma, inakuja polepole, lakini inakuja. Sitini! Tukarukia. Sasa tuko kumi na wawili juu ya kitanda, na mimi niko mbele kabisa, namwona Mzee Ambilikile vizuri zaidi ya mtu yeyote. Kwa hiyo ninachowaambia sasa ni ushahidi, si umbea.

Yale matairi yenye meno yalikuwa yanarusha matope. Na matope yalikuwa yanampata Mzee usoni. Bonge la kwanza akavumilia. La pili akavumilia. La tatu likaingia mdomoni. Mzee akaamua kujiokoa, akatambaa kwenda mbele, akajibanza nyuma ya kibanda cha dereva, akakikumbatia. Loo! Uzito wote ukahamia mbele. Nyuma kukawa kwepesi, matairi yakaanza kuzunguka bure pale pale. Hatua sitini na moja. Tunazama.

Tusekile akalijua, ingawa haoni. Mtu wa trekta haoni kwa macho, anasikia kwenye makalio. Akapiga bodi kwa ngumi kutoka ndani, pa, pa, pa! Mara tatu. Lakini mara tatu haikuwa na maana yoyote, hatukuwa tumeipangia maana. Mzee akachanganyikiwa. Akajibu mara mbili. Simama!

Akisimama ni sitini na moja. Lusubilo ana sitini na tatu. Mtamba ndio huyo kwaheri.

Nikaona kanga ya Shangazi inanyofolewa. Nikaona kichwa cha Tusekile kinageuka, kitenge kimeanguka. Akamtazama baba mkwe wake machoni, wametenganishwa na kioo chenye ufa, akapaza sauti ambayo hata wale wa golini waliisikia:

"Ambilikile! Rudi nyuma! Ambilikile, kaa!"

Jina tupu. Bila Mzee, bila Baba, bila chochote.

Uwanja mzima ukaziba mdomo. Mzee Ambilikile akafumbua kinywa. Akarudi nyuma hatua moja, mbili, akakaa, pwaa, mwisho kabisa wa bodi, palepale juu ya lile neno MSTAAFU. Mkia ukashuka. Matairi yakauma ardhi. Sitini na mbili! Sitini na tatu! Sitini na nne! Sitini na sita! Halafu kukatoka moshi mweusi, kitu kikalia kwa ndani mara moja, injini ikafa. Mpaka leo haijawaka.

Tulishinda kwa hatua tatu. Nusu ya watu wakapiga makofi, nusu wakashika vichwa, na wengine wakafanya vyote viwili kwa zamu.

Cheti kikaandikwa. Kinasomeka hivi: "Mshindi: Mstaafu." Basi. Jina la pikapu. Haya, mpe pikapu ng'ombe!

Kesho yake baada ya ibada tukakusanyika uani kwa Mzee Ambilikile. Mstaafu ilikuwa imesukumwa mpaka pale, imekufa, na mtamba amefungwa kamba kwenye bampa lake. Mzee amekaa kwenye kiti. Tusekile yuko jikoni, nyuma ya ukuta wa matete, asionekane. Mimi nimeitwa kama shahidi, nimepewa kigoda kibovu.

Fundi Gwakisa akasimama wa kwanza. "Ng'ombe ni wangu. Difu nimeng'oa mimi, nimechonga mimi. Kabureta nimesugua kwa mswaki wangu. Miaka mitatu gari hili lilikuwa la mwisho. Dereva alikuwepo, mnene alikuwepo, na bado lilikuwa la mwisho. Kilichoongezeka mwaka huu ni nini? Ni mimi! Kama si maji yangu kwenye matairi, mngefika wapi?"

Kasema uongo? Hajasema uongo.

Ipyana akasimama kwa mguu mmoja, kidole kimefungwa kitambaa hadi kinaonekana kikubwa kuliko kichwa cha mtoto. "Ng'ombe ni wangu. Kwanza, dereva aliyeshinda nimemuoa mimi. Ningeoa mwingine, mwingine yule angejua trekta? Pili, mimi ningeendesha mwenyewe tungefika wapi?"

Watu wote wakajibu kwa pamoja, "Arobaini na nane!"

"Mnaona? Kwa hiyo tumeshinda kwa sababu sikuendesha. Na sikuendesha kwa sababu ya teke. Na teke nimepiga mimi, na maumivu nayasikia mimi. Hapa nani mwingine ametoa mfupa?"

Tukacheka mpaka tukafuta machozi. Lakini tukijiuliza, kasema uongo? Hajasema uongo.

Mzee Ambilikile hakusimama, wazee hawasimami. "Ng'ombe ni wangu. Gari ni langu, nimelinunua kwa kiinua mgongo changu. Uzito ni wangu, nimeulisha mimi miaka sitini na tano. Matope nimekula mimi. Na mnasema gari lilipata nguvu lini? Nilipokaa. Nani alikaa? Mimi."

Kasema uongo? Hajasema uongo.

Sauti ikatoka jikoni. Tusekile alikuwa anamwambia Shangazi, lakini kwa sauti ya kutufikia sote.

"Shangazi, waambie ng'ombe ni wangu. Fundi anasema ni maji, lakini matairi yenye maji yalikuwa yanazunguka bure. Mume wangu anasema ni teke. Haya, ampeleke mtamba hospitali akafungwe naye kitambaa. Baba anasema ni kukaa kwake. Alikaa mwenyewe? Nani alimkalisha? Kama nisingegeuka, leo mngekuwa mnagombea moshi. Shangazi, waambie mimi sina kitu hata kimoja kwenye boma hili. Waambie jembe ni lako."

Shangazi Subilaga akasema polepole, "Jembe ni langu, kweli."

Mzee akanyanyua vidole viwili. "Dada, mwambie hivi. Yeye anasema ameshinda kwa sababu aligeuka akanitazama na kuniita jina. Sawa, namkubalia. Lakini aliyegeuka, akatazama, akaita jina, analipa nini?"

"Ng'ombe mmoja, jike," akasema Shangazi. Hata yeye hakuifurahia sentensi ile.

"Basi. Kama si yeye aliyeshinda, ng'ombe ni wangu." Akakunja kidole kimoja. "Na kama ni yeye aliyeshinda, ameshinda kwa kosa, kwa hiyo ng'ombe ni wake mpaka pale langoni, kisha anageuka kuwa faini, anarudi kwangu." Akakunja cha pili.

Watu wakaguna. Mwalimu wa kwaya akasema, "Hiyo imekaa vibaya, lakini imekaa."

Mimi nikageukia jikoni. Nikadhani analia. Nyie hamumjui Tusekile.

"Shangazi, muulize Baba. Nilipogeuka, alijuaje kwamba namtazama machoni? Alifumba macho?"

Mzee akakohoa.

"Muulize tena, Shangazi. Mila inasema mkamwana asitazame, au inasema wasitazamane? Maana mimi nilipogeuka, niliyaona macho yake yote mawili, makubwa hivi, yananitazama mimi. Faini yake iko wapi? Na muulize ule mnyororo. Alipiga mara mbili, simama. Mnyororo ulikuwa na shida gani?"

Wakanigeukia mimi. Kigoda kikanifinya. Nikasema ukweli, ningefanyaje? "Mnyororo ulikuwa mzima. Mzee alikuwa ametema tope, halafu akapiga."

Basi pakawa na kelele pale. Gwakisa anadai mswaki wake, Ipyana anadai kidole chake, mwalimu wa kwaya anataka tuanze upya kwa sala. Shangazi anasema katika ukoo wao haijawahi kutokea, kwa hiyo hakuna wa kuiga.

Na ndipo Mzee Ambilikile akafanya kitu. Akageuza kiti. Akautazama ukuta wa jikoni, akasema na ukuta wenyewe, bila kumpitisha Shangazi.

"Wewe uliye jikoni."

Kelele zikakatika.

"Mama yake Ipyana amefariki miaka minane sasa. Tangu siku ile, hapa duniani mimi ni Mzee. Kwa huyu ni Baba, kwa huyu ni Kaka, kwa hawa wote ni Mzee. Jina langu hakuna anayeliita. Yeye ndiye alikuwa akiniita. Nikisimama simama ovyo humu ndani na mwili wangu huu, naangusha vyungu, alikuwa ananiambia, 'Ambilikile, kaa.'" Akajipangusa uso wote kwa kiganja kimoja. "Jana sikukaa kwa kushtuka, msinisingizie. Niliambiwa kaa, nikakaa. Nilidhani ni yeye."

Hakuna aliyecheka. Hata mimi, na mnanijua. Shangazi alishika upindo wa kanga akauweka mdomoni.

Ipyana, Mungu amsamehe, akasema, "Basi ng'ombe ni wa mama. Na mama mrithi wake ni mimi."

"Kaa chini wewe!" tukamfokea wote.

Kutoka jikoni sauti ikaja, ndogo safari hii, na nayo haikumpitia Shangazi. "Pole, Baba. Sikujua."

"Ndaga, mwanangu," akasema Mzee. Ndaga kwetu ni asante. Miaka sita, na hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza. Watu wakashusha pumzi, wakajua yamekwisha.

Hayakwisha. Mzee akajikohoza, akasema, "Lakini ng'ombe bado namtaka. Mila ni mila."

"Na mimi bado namtaka, Baba," ukuta ukajibu. "Kazi ni kazi."

Halafu Tusekile, huko huko ndani, akaita. Aliita jina ambalo hatukuwahi kulisikia, jina fulani la kike, la upole. Kumbe wiki nzima, tangu mtamba apitishwe, alikuwa amekwishampa jina moyoni, na tangu afungwe pale jana, usiku kucha alikuwa akimpelekea maganda ya ndizi na kumwita kwa jina hilo. Mtamba akanyanyua kichwa. Masikio yakasimama. Akageuka kuelekea jikoni, akaanza kwenda, kamba ikakaza. Akavuta. Mstaafu ikalia kwenye springi zake. Mtamba akavuta tena, shingo imenyooka, mimba na yote, na hakuna hata mmoja wetu aliyenyanyuka kumfungua wala kumrudisha, maana hatukujua tumfungue kwa ajili ya nani.

Hapo ndipo tulipomwacha tukaenda kula. Nami nimekaa na jambo hili miaka yote, nguo za watu nazishona mkono mmoja mrefu, mmoja mfupi. Leo nimewakabidhi nyinyi. Wewe mwenye bisi, wewe uliyekuwa unacheka kidole cha mwenzio, na wewe mama mkwe unayejifanya umesinzia. Fundi aliyejaza maji, mume aliyetoa mfupa, mzee aliyekaa alipoitwa, na mwanamke aliyemwita kwa jina lililokatazwa. Ng'ombe anavuta, kamba imekaza, atakatika shingo. Haya, nendeni mkamfungue. Mtamkabidhi nani?